Je, anayekwenda uwanjani bado anaona zaidi ya anayetazama kwenye skrini?

Barazani Langoni (Lamu)

Assalaam alaykum waungwana. Hapa mtaani kwetu vijana wameanza kuweka akiba ili twende Nairobi kutazama mechi za Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya itaandaa pamoja na Tanzania na Uganda. Safari yenyewe mnaijua: boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa kupitia Malindi, kisha treni au basi jingine, na kila hatua ina nauli yake. Kabla fedha hazijatimia, limezuka bishano barazani ambalo limetugawa, nami naomba mnisaidie kulipima.

Upande mmoja, ambao ni wa watu wazima, unasema kwamba siku hizi anayebaki nyumbani ndiye anayeiona mechi. Anapewa marudio kutoka pembe nne au tano, anachorewa mstari wa kuotea hadi kwenye ncha ya kiatu, anaambiwa mchezaji fulani amekimbia kilomita ngapi, na refa akiitwa kwenye televisheni ya pembeni, yeye anatazama picha zile zile anazotazama refa. Aliyelipa nauli yote hiyo na kukaa jukwaani hapati hata kimoja katika hivyo. Kazi yake ni kungojea mkono wa refa uelekee wapi.

Upande wa pili, yaani vijana wenyewe, unasema kwamba hata huku nyumbani teknolojia imeleta kero yake. Mnajua nyumba zetu zilivyoshikana. Jirani mwenye dishi anapiga ukelele wa goli, na sisi tunaotazama kwa simu bado tunaona mpira uko katikati ya uwanja, ilhali kati yetu na yeye pana ukuta mmoja tu. Penalti inajulikana imeingia kabla mpigaji hajauweka mpira chini. Kwa hiyo, wasema, mahali pekee pa kuliona goli wakati linapofungwa ni uwanjani.

Swali langu ni hili: kwa mliowahi kwenda, na kwa mnaozifahamu mashine hizi, zimemwongezea nini mtu aliye jukwaani kwenye mashindano makubwa, na zimempunguzia nini? Tafadhali msinijibu kwamba raha ya mpira ni uwanjani tu. Hilo tumeshaambizana sana, nataka sababu.

Fundi wa Dishi (Malindi)

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nitajibu la jirani, kwa kuwa ndilo liko kwenye kazi yangu.

Picha ya mechi haifiki nyumbani papo hapo hata kama pembeni imeandikwa kuwa ni matangazo ya moja kwa moja. Ikitoka kwenye kamera hubanwa ili iwe nyepesi, hurushwa hadi kwenye setilaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, hurudi kwenye dishi, kisha king'amuzi huifungua upya. Kule kupanda na kushuka huchukua kama robo ya sekunde tu. Kinachokula muda ni kubana, kufungua, na vituo ambavyo picha hupitia njiani, na jumla yake huwa sekunde kadhaa. Kwenye simu hali ni nzito zaidi, kwa sababu matangazo ya intaneti hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na simu hungoja ijikusanyie vipande kadhaa ndipo ianze kuonyesha, ili mtandao ukiyumba picha isikwame. Hapo ndipo inapoweza kupotea nusu dakika au hata zaidi. Jirani yako hana ufundi wowote wa siri. Ni vile tu king'amuzi chake hakina haja ya kuweka akiba kubwa hivyo. Na mwenye redio ya FM mara nyingi humtangulia hata yeye.

Kwa hiyo vijana wako wana haki kwa upande huo. Lakini wajue kwamba uwanjani nako kuna kuchelewa kwa namna nyingine: goli utaliona likiingia, ila hutajua kama ni goli. Hilo nawaachia wenye sheria zao.

Refa Mstaafu (Mkomani, Lamu)

Fundi amenifungulia mlango. Nimepuliza kipenga katika ligi za huku pwani kwa miaka mingi bila kamera hata moja, na naomba niseme kwanza kwamba sizililii siku zile. Tarehe 27 Juni 2010, mjini Bloemfontein, Frank Lampard alipiga shuti lililogonga mwamba na kudunda ndani ya goli la Ujerumani, likiwa limevuka mstari kiasi cha kuonwa na mtu aliyekaa jukwaa la juu, lakini waamuzi hawakuliona. Uingereza ilikuwa nyuma kwa 2–1, na mechi ikaisha 4–1. Miaka miwili baadaye bodi ya sheria za soka iliidhinisha teknolojia ya mstari wa goli, na katika Kombe la Dunia la Brazil mwaka 2014 kila uwanja ulifungwa kamera 14, saba kwa kila goli, zinazopeleka ishara kwenye saa ya refa ndani ya sekunde moja. Teknolojia kama hiyo haimgharimu shabiki chochote. Anapaza sauti, refa anautazama mkono wake, mchezo unaendelea.

VAR, yaani waamuzi wanaokagua picha za video wakiwa chumbani, ni habari nyingine. Iliingia Kombe la Dunia mwaka 2018 kule Urusi, na ndipo pengo kati ya aliye nyumbani na aliye jukwaani lilipopanuka. Kumbukeni fainali ya Ufaransa na Croatia. Mpira wa kona uligonga mkono wa Ivan Perišić, na refa Néstor Pitana akaenda kwenye televisheni ya pembeni, akatazama, akaanza kuondoka, akasita, akarudi kutazama tena, ndipo akaonyesha penalti. Sisi tuliokuwa majumbani tuliuona ule mkono ukirudiwa mpaka tukaanza kutoa hukumu zetu wenyewe. Waliolipa tiketi walichokuwa nacho wakati huo ni mgongo wa Pitana.

Qatar, mwaka 2022, ilijaribu kulitibu jambo hili kwa upande wa kuotea. Chini ya paa la kila uwanja palifungwa kamera 12 zilizofuatilia nukta hadi 29 za mwili wa kila mchezaji, mara 50 kwa sekunde, na ndani ya mpira wenyewe kulikuwa na kihisi kilichotuma taarifa mara 500 kwa sekunde, ili ijulikane mpira ulitoka mguuni kwa nani na lini. Mechi ya ufunguzi haikufika hata dakika ya tano: Enner Valencia wa Ecuador akafunga, uwanja ukalipuka, goli likakataliwa. Watu wengi hawakuelewa mpaka ilipoonyeshwa picha ya kuchorwa ya mguu wa mwenzake Michael Estrada uliokuwa umetangulia. Uamuzi ulikuwa sahihi kabisa, lakini maelezo yalifika wakati watu wameshatukana.

Ninachokilaumu mimi ni chumba kilichofungwa. Linganisheni na tenisi. Tangu mwaka 2006, mchezaji aliweza kupinga uamuzi wa mstari, na hapo hapo picha ya njia ya mpira ilionyeshwa kwenye skrini kubwa, mbele ya wachezaji, refa, na watazamaji wote, waliopo na wasiokuwapo. Watu wakajizoesha kupiga makofi ya pamoja, yakiongezeka kasi kadiri mpira ulivyoukaribia mstari kwenye picha. Kusubiri kukawa sehemu ya mchezo. Sasa hata hilo linapungua, maana Wimbledon mwaka 2025 iliwaondoa waamuzi wote wa mistari na kuiachia mashine iite yenyewe, kwa hiyo hakuna cha kupinga wala cha kupigia makofi.

Soka nayo imeanza kufungua mlango kidogo. Katika ufunguzi wa Kombe la Dunia la wanawake mwaka 2023, mjini Auckland, refa Yoshimi Yamashita wa Japani, baada ya kutazama picha, aliwasha kipaza sauti chake na kuutangazia uwanja mzima kwamba uamuzi ni penalti kwa New Zealand. Maneno machache tu, tena kwa sauti iliyotulia, lakini aliyekaa kiti cha mwisho aliyasikia sawa na aliyekaa nyumbani. Mimi ningependa jambo hili liwe wajibu katika kila mashindano makubwa, na yatakayofanyika kwetu yasiachwe nyuma.

Kijana wa Maweni (Malindi, kwa sasa Nairobi)

Shikamoo Mzee Refa. Nimekusoma kwa makini, ila napingana nawe katika jambo moja: kusubiri si kero kila mara. Fainali ya mita 100 ya Paris, Agosti 2024, wanaume wanane walivuka mstari na hakuna aliyejua mshindi, si uwanjani, si nyumbani, wala si wakimbiaji wenyewe. Noah Lyles alidhani ameshindwa. Ilibidi picha ya mwisho isomwe, na kamera za kule zilikuwa na uwezo wa kuchukua hadi picha 40,000 kwa sekunde, ndipo jina la Lyles likatokea juu ya la Kishane Thompson kwa tofauti ya sehemu tano kati ya elfu moja za sekunde, yaani 9.784 kwa 9.789. Nani atasema waliokaa kwenye viti vile walipunjwa? Walisubiri pamoja na dunia nzima. Naona tunakubaliana kwamba kinachouma ni kuwa wa mwisho kuambiwa.

Sasa nirudi kwa ndugu wa Langoni, ambaye ameomba ushuhuda. Nilikuwa uwanja wa Kasarani, Nairobi, tarehe 10 Agosti 2025, Kenya ilipocheza na Moroko katika CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Ryan Ogam alifunga kabla ya mapumziko, kisha Chrispine Erambo akatolewa kwa kadi nyekundu, na kipindi chote cha pili tukacheza watu kumi. Nilipofika nyumbani niliitazama mechi hiyo tena kwenye simu, nikashangaa kwamba sikuuona mchezo nilioutazama mchana. Kamera hufuata mpira. Kutoka jukwaani nilikuwa nawaona kumi wetu wote kwa pamoja: mpira ukihamia kulia, safu nzima inateleza kulia, na beki wa kushoto, ambaye hana mpira karibu naye kabisa, anaacha winga wake na kuingia ndani hatua tatu nne, huku akinyoosha mkono kumwonyesha kiungo mahali pa kusimama. Kazi hiyo ndiyo iliyolinda lile goli moja, nayo haimo kwenye picha ya televisheni wala kwenye takwimu za kilomita. Marudio ya pembe tano hayakuonyeshi, kwa sababu pembe zote tano zinautazama mpira.

Vile vile nisifiche upande wa pili. Uwanja ukishajaa, mtandao unazidiwa, na simu inakuwa ya kupigia picha tu. Tukio likitokea upande wa mbali, unamwuliza jirani, naye anakuuliza wewe. Mara mbili nilimpigia kaka yangu aliyeko Malindi ili aniambie kilichotokea mbele ya macho yangu, na simu haikutoka.

Bint Shela (Lamu)

Naomba niongeze kutoka baharini, kwa kuwa mchezo wetu mkubwa hapa si mpira peke yake. Kila mwaka mashua zinaposhindana, sisi tunaosimama ukingoni huziona zinapoondoka na zinapokuja kumalizia. Katikati yake ni matanga meupe yaliyochanganyika, na hata mwenye darubini hawezi kusema nani anaongoza, maana mashua mbili zikipiga bisho, yaani zikienda mshazari dhidi ya upepo, kila moja upande wake, ile iliyo mbali na pwani huenda ndiyo iliyoshika upepo mzuri zaidi. Shida hiyo hiyo ilizikabili mbio za America's Cup. Mwaka 2013, San Francisco, mhandisi Stan Honey na wenzake walitumia vipimo vya setilaiti vyenye usahihi wa sentimita 2 hivi kuchora mistari juu ya picha za helikopta, na mtazamaji ambaye hajawahi kushika usukani akaelewa nani yuko mbele na kwa mita ngapi. Lakini angalieni jambo moja: mistari ile iko kwenye televisheni. Aliyesimama ufukweni San Francisco aliyaona maji matupu.

Honey huyo huyo alikuwa miongoni mwa walioleta ule mstari wa manjano wa mpira wa Kimarekani, uliotokea kwa mara ya kwanza mwaka 1998, ambao unaonyesha timu inatakiwa ifike wapi. Mpaka leo anayekaa jukwaani hauoni mstari huo juu ya nyasi. Kwa hiyo pengo analolisema Mzee Refa lina umri mkubwa kuliko VAR.

Ndiyo maana mimi huzipenda zaidi zile taa za riadha. Kandokando ya njia ya ndani hupangwa taa ndogo ndogo zinazowaka kwa kufuatana kwa kasi ya rekodi, na mwenye tiketi ya bei nafuu huziona sawasawa na mwenye televisheni. Faith Kipyegon alipokimbia mita 1,500 mjini Florence, tarehe 2 Juni 2023, na kuwa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 3 na sekunde 50, kwa muda wa 3:49.11, uwanja ulikuwa unaona kwa macho kwamba ameziacha taa nyuma. Hakuhitajika mtangazaji wa kueleza. Wapo wanaosema taa zinamsaidia mkimbiaji kupita kiasi, na bishano hilo lina uzito wake, ila kwa mtazamaji sijaona kilicho bora kuliko hicho. Laiti mashua zetu nazo zingefungwa vipima mwendo vya bei ndogo, na gatini pakawekwa skrini moja ya ramani, tungeacha kugombana juu ya nani alikuwa wa kwanza kuzunguka boya.

Mama wa Barani (Malindi)

Hamjambo nyote. Mnazungumzia yaliyomo ndani ya uwanja, nami nawakumbusha mlango. Mashabiki walipovamia Kasarani wakati wa CHAN, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilipunguza watazamaji hadi 27,000 na kutaka tiketi za kielektroniki pekee. Katika Kombe la Dunia la Urusi shabiki alihitaji kitambulisho maalumu juu ya tiketi, Qatar ilikuwa na kadi ya Hayya, na Moroko katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2025 ilitumia programu ya simu iitwayo Yalla. Sioni sababu ya kudhani kwamba kwetu itakuwa rahisi zaidi.

Sizipingi, maana msongamano na tiketi bandia vimeua watu katika viwanja vingi. Lakini mlangoni niliwahi kusimama na wanangu, tiketi zetu zote zikiwa kwenye simu yangu moja, na jua la mchana likaifanya skrini isisomeke na ile mashine ya mlinzi. Aliyekuwa nyuma yetu alikuwa mzee mwenye simu ya vitufe ambaye tiketi yake ilikuwa kwa mjukuu wake, na mjukuu ameshaingia. Ndugu wa Langoni, katika kundi lenu hakikisheni kila mtu ana msimbo wake, mwangaza wa simu umepandishwa hadi juu, na tiketi imehifadhiwa kama picha mkiwa bado mna mtandao, maadamu masharti ya tiketi yanaruhusu. Chukueni na chaja ya kubebea.

Barazani Langoni (Lamu)

Ahsanteni sana, hasa Kijana wa Maweni kwa habari ya wale kumi. Nimeisoma kwa sauti barazani, na mmoja wa watu wazima, aliyekuwa mkali kuliko wote, ameuliza kama siku hizo unaruhusiwa kuingia na fimbo ya kutembelea. Nadhani maana yake mnaielewa. Limebaki la vitendo: kama uwanjani hatutapata maelezo ya VAR kwa haraka, na mtandao utakuwa umezidiwa, tufanye nini? Na tukichagua viti, tukae upande gani?

Fundi wa Dishi (Malindi)

Redio. Ile ndogo ya betri, yenye waya wa sikioni. Mtangazaji wa redio yuko uwanjani pamoja nanyi, mbele yake ana televisheni yenye marudio, na FM haihitaji bando wala haizidiwi na wingi wa watu. Hata elfu 60 wakiifungua pamoja, kila mmoja atasikia. Wazee wetu waliingia viwanjani na redio begani ili wamsikie Leonard Mambo Mbotela akiwatangazia mechi waliyokuwa wakiitazama, na hawakuwa wajinga. Simu nyingine nazo zina FM ndani yake, ila lazima uchomeke waya wa sikioni, kwa sababu waya huo ndio antena. Itafuteni kabla ya safari, msiitafute siku ya mechi. Mtapishana na uwanja kwa muda mdogo, jambo ambalo halina madhara, kwa kuwa goli mtakuwa mmeshaliona.

Refa Mstaafu (Mkomani, Lamu)

Kuhusu viti: usawa wa mstari wa katikati, safu za juu, na mkabala na skrini kubwa, wala msikae chini yake. Kutoka hapo mtaona jinsi timu inavyojipanga, kama alivyoeleza Kijana, mtasoma skrini bila kupinda shingo, na mwamuzi msaidizi wa upande wa mbali mtamwona akiinua kibendera. Siku hizi mara nyingi huchelewa kukiinua kwa makusudi, akiacha shambulio limalizike ili VAR iweze kulikagua, kwa hiyo mpira ukiingia wavuni mtazameni yeye kwanza, ndipo mkumbatiane. Viti vya chini nyuma ya goli waachieni wenye ngoma.